Kitanda Kilichouma Kiranjeranje

Siku mliponiaga kwa soda, keki na hotuba ya bwana mkubwa aliyenitaja kwa jina la mtu mwingine, mmoja wenu aliniuliza kwa nini miaka yote nilikuwa mkali kupita kiasi juu ya bodi ndogo za kugawa umeme. Nilimjibu kwa mkato kwa sababu watu walikuwa wanasubiri nikate keki. Sasa nimekaa barazani kwangu Masoko, sina dharura wala ngazi ya kupanda, kwa hiyo nitamjibu vizuri, na ninyi wengine msikie. Vyeo na mishahara ya miaka ya baadaye, nilipoajiriwa kwenu, nitaviruka. Vilikuja, vikaliwa.

Nilianza kazi katika karakana ya shirika moja la umma hapa hapa Kilwa Masoko, zamani zile umeme wetu ulipotoka kwenye jenereta la dizeli. Dizeli ikikwama njiani wakati wa masika, mji wote ulirudi kwenye koroboi bila mtu kupewa taarifa. Siku ya kwanza niliingia getini na cheti changu cha ufundi mkononi. Mlinzi akanionyesha jiko. "Mama wa chai wa zamani ameacha kazi," akaniambia, "sufuria ziko kabatini." Nikamwambia mimi ni fundi umeme. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa anayesema amepona.

Aliyenipokea ndani alikuwa fundi mkuu, Mzee Raimundi Chitanda, Mmakonde wa kule juu Newala, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili na mtu wa maneno machache siku zilizobaki. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaniwekea mezani ubao wa fyuzi uliokuwa umeng'olewa kwenye ghala fulani. "Fungua wote," akasema. "Ukimaliza, urudishe kama ulivyokuwa." Nilipomaliza alivuta kila waya kwa vidole viwili. Hakuna uliochomoka. Hakunisifu. Aliniambia tu, "Kesho uje na viatu vya raba." Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara kama barabara ni yangu.

Koleo la Mzee Raimundi lilikuwa limezungushiwa mpira wa baiskeli kwenye mikono, na testa yake, bisibisi yenye kitaa cha kuonyesha umeme, ilikaa mfuko wa shati, upande wa moyo, mahali wenzake walipoweka kalamu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alijaribu testa ile kwenye soketi anayojua ina umeme. "Testa iliyokufa nayo haiwaki," alizoea kusema. "Utadhani waya hauna kitu, kumbe ni testa haina kitu." Na neno lake jingine lilikuwa hili: "Umeme hauna rafiki wala adui. Una njia tu. Kazi yako ni kuzijua njia zake zote, hata ile usiyoitaka."

Kisha ikaja enzi ya ruksa. Mashirika yakaanza kupunguza watu, letu nalo, na mimi na Mzee tukajikuta nje ya geti lile lile. Yeye alikuwa na umri wa kurudi Newala kulima mihogo na korosho. Hakurudi. Alisema korosho hazina nyaya. Tukafungua kibanda cha ufundi Nangurukuru, pale njia panda, kati ya mama muuza supu na kijana wa mitumba. Mabasi ya kusini yalisimama pale kupumzisha injini na abiria, na humo kwenye mabasi ndimo ulimwengu mpya ulimoshuka: redio, video, luninga, na siku moja kioo cha kwanza cha sola, kimefungwa kwenye blanketi kama mtoto.

Soko huria lilituletea vitu vizuri na vitu vya ajabu kwa pamoja. Ilikuja breka, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, nyepesi kama kiberiti kitupu. Mzee alikuwa anaipima kiganjani kabla hata ya kusoma maandishi yake, na nyingine alizirudisha kwenye basi lililozileta. Watu walituona wagumu. Lakini sola ilikuwa imewapa sehemu hizi kitu ambacho nguzo za umeme zisingewapa kwa muda mrefu, na kila mwenye vioo juu ya bati alijiona tayari ni bosi wa umeme wake.

Songo Mnara ndiko tulikojifunza kwamba umeme wa sola una tabia yake. Mwenye duka mmoja alifunga betri zake kwa swichi ya kawaida ya nyumbani, ya umeme wa jenereta. Tulivuka na mashua kwenda kuitazama, tukaikuta imeyeyuka kama ubani. Umeme wa jenereta unapwita, unakwenda na kurudi, na unapokatwa cheche yake inazimika yenyewe. Wa betri unasukuma upande mmoja bila kupumua, ukiukata kwa swichi isiyo yake cheche inaendelea kuwaka humo ndani. Ndiyo maana breka ya upande wa betri lazima iwe imeandikwa kwamba ni ya umeme huo. Mwenye duka alisikiliza yote, akauliza kama ile iliyoyeyuka inaweza kutengenezwa.

Haya, sasa bodi ndogo.

Kiranjeranje kulikuwa na kituo cha afya kilichofungiwa sola na wafadhili. Mkandarasi wake alikuwa kijana wa Dar aitwaye Feruzi, na kazi yake ilikuwa safi. Mimi mwenyewe niliitazama nikiwa napita, nikampa heshima yake moyoni. Vioo juu ya paa, betri kwenye chumba chenye hewa, mashine ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, jenereta dogo la akiba, na bodi kuu moja. Baadaye wafadhili wengine wakajenga wodi ya wazazi upande wa pili wa uwanja. Mafundi wa jengo hilo, si wa Feruzi, wakavuta kebo kutoka bodi kuu hadi wodini na kufunga bodi ndogo ya kugawa umeme wa humo.

Wodi ilifunguliwa kwa ngoma. Baada ya muda mfupi ikawa tupu.

Nesi Felista, mkunga wa kituo, alinifuata mwenyewe Nangurukuru kwa lori. Wakati ule nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa tatu, kubwa, ya kuegemea meza.

"Dada Somoe," akaniambia kabla hajakaa, "kina mama wamekataa wodi. Wanasema kitanda cha kuzalishia kinauma. Bomba la kunawia nalo linauma. Wanasema jengo limewekwa juu ya makazi ya jini. Wanazalia majumbani. Juzi nimeletewa binti amebebwa kwenye kitanda cha kamba, damu inamtoka tangu kijijini. Nimemwokoa kwa kudra ya Mungu tu. Anayefuata sijui."

"Wewe kimekuuma?"

"Mimi navaa viatu vya mpira kutwa nzima. Sijui."

Mzee Raimundi alikuwa kwenye kiti chake anasugua ncha ya waya. Akauweka chini. "Jini asiyemuuma mwenye viatu vya mpira," akasema, "huyo namfahamu."

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la chumvi, akatupeleka. Njiani alisema mambo mengi kuhusu mwanamke mjamzito na umeme, na Mzee akamuunga mkono, jambo ambalo si kawaida yao. Tukakubaliana kwamba mimi nitapima na kuelekeza, mikono itakayoshika itakuwa ya Mzee.

Pale kituoni tulimkuta Bibi Asumini amekaa kwenye benchi la nje. Huyu alikuwa mkunga wa jadi wa vijiji vile, Mmatumbi, ameshika nusu ya watoto wa Kiranjeranje kabla mama zao hawajawashika. Wahudumu walimsema kuwa ndiye anayeeneza habari za jini ili asipoteze wateja. Nilimwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuniita mwongo na wewe?"

"Nimekuja kukuuliza. Kilikuuma lini?"

Akanitazama tumbo, kisha uso. "Nilimsindikiza mjukuu wangu. Nimesimama pekupeku, sakafu imetoka kuoshwa, nimeshika chuma cha kitanda. Kikanivuta mkono mpaka begani. Nikaachia. Nikashika tena, kimya. Nikasema labda uzee. Halafu kijana mmoja mhudumu akawasha lile sanduku la kuchemshia vyombo, kikanivuta tena. Alipolizima, kimya."

"Kila likiwashwa?"

"Kila likiwashwa. Niliwaambia. Wakaniambia nina wivu."

Vijana wangu, huo ulikuwa upimaji kamili. Mama huyu alikuwa ametuonyesha njia ya umeme hatua kwa hatua, na wote walikuwa wanamsikiliza jini.

Niliomba sanduku la kuchemshia liwashwe. Niliweka ncha moja ya mita kwenye chuma cha kitanda na nyingine kwenye kitambaa chenye maji sakafuni. Mshale ukaruka. Bomba, vivyo hivyo. Fremu ya dirisha, vivyo hivyo. Nikaomba lizimwe, mshale ukalala. Mzee alifungua bodi ndogo. Tulitazama ndani, tukaliona kosa.

Nitawaeleza kama nilivyomweleza mganga mkuu wa kituo. Umeme unakwenda kazini kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, ule wa nyutro. Waya wa tatu, wa ethi, unakaa bila kazi, unasubiri siku ya ajali, na ndio ulioshikana na vyuma vyote: kitanda chenye taa yake, bomba, fremu. Nyutro na ethi zinaunganishwa mahali pamoja tu, kule umeme unakoanzia, kwenye bodi kuu. Feruzi aliziunganisha pale, sawasawa. Mafundi wa wodi waliitazama bodi yake, wakaona nyaya zile mbili zimekutana kwenye kipande kimoja cha shaba, nao wakafanya hivyo hivyo kwenye bodi ndogo. Waliiga kitu sahihi wakakiweka mahali pasipo pake. Sasa umeme wa kurudi ukawa na njia mbili, na moja inapita kwenye vyuma.

Halafu skrubu ya nyutro kwenye kebo ikalegea. Njia ya halali ikafa. Umeme wote wa wodi ukawa unarudi kwa waya wa ethi, mwembamba, ulioota kutu kwenye kiungo, na kwa vyuma visivyounganishwa na ardhi popote. Swichi ya kukata umeme unaovuja ilikuwepo mwanzoni. Ilikuwa inakata kila wakati, watu wakachoka nayo, wakaiondoa. Ilikuwa inasema kweli kila ilipokata.

Mzee alizima, akachomoa fyuzi za kebo ya wodi kwenye bodi kuu, akanipa. Nikazitia kwenye mkoba wangu.

Mganga mkuu, Daktari Ndunguru, alikuwa mtu mzuri aliyekuwa na siku mbaya. Alitoka chumbani kwake na koti la kazi limefunguka vifungo. "Fundi, nina mashine ya kunyonya uchafu kwa watoto wachanga mle wodini. Nina taa mle. Bila umeme hiyo ni stoo."

"Daktari, ikiwa na umeme huu ni stoo pia. Hakuna mama ndani."

"Nipe angalau taa. Zima hilo sanduku, acha taa."

"Taa nazo zinarudi kwa njia ile ile. Zinauma kidogo kuliko sanduku, basi."

"Nani atawajibika akija mgonjwa leo?"

"Zalisheni kwenye jengo la zamani. Mle umeme ni mzima, nimepima. Fyuzi hizi sitazirudisha mpaka kitanda kile kinyamaze. Ukitaka, nichukue mimi unipeleke polisi, nitakwenda nazo."

Akatazama tumbo langu, akatazama mkoba, akashusha pumzi. "Nipigie huyo mkandarasi," akamwambia karani wake. "Mwambie aje na vifaa."

Feruzi angeweza kusema haimhusu, na angekuwa na haki. Alikuja. Barabara ya kusini mnaikumbuka wenye umri, au mmesimuliwa: kivuko, matope, usiku kwenye basi lililozama. Alishuka amevaa shati jeupe ambalo mpaka leo sielewi alilifikishaje hivyo. Alifungua bodi ndogo, akafunga macho kidogo. "Wamenakili ya kwangu," akasema. "Laiti ningebandika neno pale kueleza kwa nini." Hakutafuta wa kumlaumu. Akavua shati, akalitundika mtini, akauliza nyundo iko wapi.

Tulifanya hivi. Tulitenga nyutro na ethi kwenye bodi ndogo, kila moja na kipande chake cha shaba, cha nyutro kikikalia plastiki ili kisiguse sanduku. Tukabadili kebo, tukaweka yenye waya wa ethi mnene. Tukaipa bodi ndogo swichi kuu yake yenyewe, maana mtu aliye wodini hapaswi kuvuka uwanja ili azime umeme wa wodini. Swichi ya umeme unaovuja ikarudi kwenye nafasi yake. Tukazika fimbo ya shaba pale maji ya tangi yanapomwagikia, ardhi ilipo nyevu, Mzee na Feruzi wakipokezana nyundo, mmoja akiimba Kimakonde na mwingine akihema. Tukafunga vyuma vyote kwenye waya wa ethi. Mwisho nikaandika kwa brashi na rangi nyekundu juu ya mfuniko: UMEME WA HAPA UNATOKA SEHEMU MBILI, SOLA NA JENERETA. ZIMA ZOTE KABLA YA KUGUSA. Na chini yake, kwa pendekezo la Feruzi: NYUTRO NA ETHI ZISIUNGANISHWE HUMU.

Nilirudisha fyuzi. Sanduku likawashwa, taa zote, mashine zote. Nikapima kitanda kwenye kitambaa chenye maji. Mshale haukutikisika. Mzee akavua viatu, akasimama kwenye maji, akashika kitanda kwa mkono mmoja na bomba kwa mwingine, akabaki hivyo akitazama dari kama mtu aliye kwenye ibada. "Kimenyamaza," akasema.

Sisi tulifurahi. Wodi ikabaki tupu.

Nesi Felista alizunguka kueleza, Daktari naye aliongea kwenye mkutano wa kijiji. Watu walisikiliza kwa heshima na kuendelea kuzalia majumbani. Na walikuwa na haki: mara ya kwanza pia walikuwa wameambiwa na watu wenye makoti kwamba hakuna kitu. Nilikwenda kumwona Bibi Asumini kwake. Alikuwa anapepeta mtama.

"Bibi, kimepona kitanda."

"Umesema."

"Ungependa nifanye nini ili uamini?"

Akaendelea kupepeta. "Wewe utazalia wapi?"

Nilikuwa nimepanga kuzalia hospitali ya Kinyonga, nilikowazaa wawili waliotangulia. Mama mkwe alikuwa ameshafua kanga. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu nataka kuzalia Kiranjeranje. Akauliza jambo moja tu: "Ile skrubu ulikaza wewe au Mzee?"

"Mzee alikaza. Mimi nilivuta waya baada yake."

"Basi twende," akasema.

Uchungu ulinijia mchana wa mvua, zile mvua za masika zinazoleta giza saa nane kama Magharibi. Nesi Felista aliwasha taa zote za wodi. Sanduku la kuchemshia lilikuwa linanguruma, mwenyewe niliomba liwashwe. Nilipanda kitanda kile pekupeku, nikakamata vyuma vyake kwa mikono miwili iliyoloa jasho, na niwaambie kweli, mwanamke akiwa pale hashiki chuma kwa adabu. Kulikuwa na maumivu ya kila aina mle ndani. Ya umeme hayakuwepo. Kati ya uchungu mmoja na mwingine nilikuwa nasikiliza bodi ndogo ukutani, kimya chake, na hata katika hali ile nilijivuna.

Binti yangu alizaliwa mvua ikiwa bado inapiga bati. Alichelewa kulia, Nesi akaiwasha ile mashine ya kunyonya, ikavuta, na mtoto akafungua kinywa akalalamika kwa sauti ya mama mkwe wangu kabisa. Daktari Ndunguru, aliyekuwa anasubiri koridoni akijifanya anasoma, alisikika akisema "Alhamdulillahi," naye ni Mkatoliki.

Kina mama walikuwa wamejaa barazani wakijikinga mvua, ndivyo walivyosema. Bibi Asumini aliingia wa kwanza. Aliacha kandambili mlangoni. Sakafu ilikuwa imeoshwa, maji bado yanang'aa chini ya taa. Hakumtazama mtoto. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akanyoosha mkono ule ule uliovutwa, akashika chuma. Akamwambia Nesi, "Zima hilo sanduku." Likazimwa. "Washa." Likawashwa. Alisimama hivyo, ameshika, amefumba macho, na kina mama wa barazani wakajisogeza mlangoni.

Kisha akaachia chuma, akaufuta mkono kwenye kanga, akanyoosha yote miwili.

"Haya," akasema, "nipeni mtoto nimwone. Na wewe Nesi, mwite yule binti wa Mzee Ngwele aliye pale nje. Tumbo limeshuka, asirudi nyumbani na mvua hii."